Dada, Piga Pasi

Mtu mrefu hana siri. Hata akijificha nyuma ya ukuta, kichwa kinabaki juu kinasalimia wapita njia. Mama mmoja dobi, ambaye mtaa mzima humwita Mlingoti, aliyajua hayo tangu shule ya msingi, mwalimu alipokuwa akimwita afute sehemu ya juu ya ubao kwa sababu yeye mwenyewe haifikii. Ukipita leo dukani kwao, lile duka la mlango wa bluu ambalo madirisha yake hutoka jasho kutwa, utamkuta amesimama nyuma ya meza iliyoinuliwa kwa matofali, miguu yote minne. Matofali hayo aliyaweka shangazi yake, mwenye duka. "Meza ya watu wa kawaida itamvunja mgongo," alisema, "na goti keshavunja. Sasa mimi nitabaki na nini?"

Kazi anaiweza, hilo hata wasiompenda hawabishi. Hulowesha ncha ya kidole, akaigusa pasi chini upesi, akasikiliza inavyolia. Kola kwanza, ndani kabla ya nje. Kisha mabega, kisha mikono, kiwiliwili mwisho. Shati likitoka mikononi mwake unaona aibu kulivaa. Lakini watu, jamani, watu hawaachi ya kale. Fundi viatu mmoja, mzee aliyekuwa mshabiki wake enzi zile, aliweka suruali yake juu ya kaunta akacheka mpaka akakohoa.

"Mlingoti na pasi, wapi na wapi! Uwanjani hukuwa na pasi hata moja, leo unapiga kutwa nzima!"

Maana lugha yetu hii ina utani wake. Pasi ni hicho chuma cha moto, na pasi ni mpira unaompa mwenzako. Vyote viwili hupigwa. Mlingoti alicheka pamoja na mzee, akaipokea suruali, kisha akageukia ukutani kana kwamba anatafuta hanga. Akakaa huko kidogo.

Enzi hizo Mlingoti alikuja chuoni na sanduku la bati na miguu iliyozidi urefu wa kitanda. Alikuja kusomea ukarani. Mpira wa kikapu alikuwa hajaugusa maishani mwake. Kocha wa chuo, mzee mfupi mwenye kipenga kisichotoka mdomoni, alimwona siku ya kwanza kwenye foleni ya chakula, akaiacha sahani yake mezani, akamfuata.

"Wewe binti, unasomea nini?"

"Ukarani, mwalimu."

"Ulikuwa unasomea. Kuanzia leo unasomea kikapu."

Siku za mwanzo zilikuwa kichekesho. Mpira ulimkimbia kama kuku aliyeona kisu. Akiudunda, unamgonga kidole cha mguu. Akiurukia, anatua juu ya mwenzake. Wa kumfundisha hasa hakuwa Kocha. Alikuwa msichana mmoja mdogo wa kimo, aliyelala kitanda cha chini katika chumba chao, ambaye alipenya katikati ya walinzi hata ungedhani ameshikwa na mtu anayeshona. Wakamwita Sindano. Walifanyia mazoezi kwenye korido ya bweni, mmoja huku, mwingine kule, mpaka matroni akatokea na kandambili mkononi. Na kwa kuwa Sindano alikuwa mdogo kwa mwaka mmoja, alimwita Mlingoti Dada. Hivihivi tu, bila kufikiri, kama unavyomwita yeyote aliyekutangulia kuzaliwa. Hakujua kwamba Mlingoti kwao alizaliwa peke yake, na kwamba hakuna kiumbe aliyewahi kumwita hivyo. Mara ya kwanza alijifanya hakusikia, ili aitwe tena.

Basi wakashikana. Kidole kimoja hakivunji chawa, na hao wawili walivunja chawa wa kila chuo. Sindano hakuhitaji kutazama. Aliutuma mpira mahali ambapo Mlingoti bado hajafika, na Mlingoti akafika. Aliudaka juu ya vichwa vya watu, akautia kikapuni kwa utulivu wa mtu anayerudisha sahani kabatini.

Timu nyingine zilipoanza kuzijua pasi za Sindano, wale wawili wakabuni ujanja. Mlingoti akiwa na mpira, Sindano hukimbilia upande wa pili akipayuka, "Piga pasi! Piga pasi!" Walinzi wote macho kwake. Mlingoti huku, peke yake, anatupa. Kwa hiyo katika timu ile "piga pasi" maana yake ilikuwa usipige, tupa mwenyewe. Kocha aliupenda ujanja huo hata akaufanya zoezi la kila jioni.

Sasa je, Sindano akiutaka mpira kweli? Hilo lilikuwa lao wawili, hata Kocha hakuambiwa. Angeita "Dada." Nje ya uwanja aliita Dada mara mia, akiomba chumvi, akiomba sabuni. Ndani ya uwanja hakulichezea neno hilo. Akisema Dada, mpira ni wake.

Miaka ile Mlingoti alivuma. Redio zilimtaja, magazeti yalimpiga picha, wanafunzi wa vyuo vingine walikuja kupima urefu wao ubavuni mwake. Magazeti yaliandika vikapu alivyotia. Nani aliyempa mpira, gazeti gani lina nafasi ya upuuzi huo? Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu wetu alianza kulitia. Alianza kuchelewa mazoezini. Alianza kusema "timu yangu." Sindano alimtania tu: "Dada, hiyo timu yako, sisi wengine tunaruhusiwa kuingia?" Wakacheka wote wawili, ingawa mmoja alicheka zaidi.

Mwaka wao wa mwisho wakafika fainali ya vyuo. Hapo akaja mgeni, mwalimu wa mchezo kutoka chuo kikubwa cha ng'ambo, mtu wa suti ya kijivu aliyependa kutafuna njiti ya kiberiti. Alikuwa na nafasi ya mchezaji mmoja, akasome huko na kucheza huko. Mmoja tu. Watu walisema jina la Mlingoti limeshaandikwa. Mama yake, maskini, alishaanza kuwaaga majirani kwa niaba yake.

Asubuhi ya fainali Mlingoti alikuwa amekaa nyuma ya mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, anafunga kamba za viatu. Mgeni na Kocha walisimama upande wa pili wa mlango huo huo.

"Yule mrefu nimemwona," mgeni alisema. "Yule mdogo anayempa mipira ni nani?"

Swali lenyewe hilo tu. Kocha akajibu, wakapita zao. Lakini wivu hauhitaji chakula kingi. Mlingoti alibaki na kamba mkononi, na tangu dakika ile hakumtazama Sindano usoni.

Mchezo ulikuwa mgumu. Mwisho ukakaribia, chuo kiko nyuma kwa pointi moja, mpira uko kwa Mlingoti upande wa kushoto, na walinzi watatu wamemganda. Sindano akakimbia mpaka chini ya kikapu. "Piga pasi!" Walinzi hawakutikisika, ujanja ule walishausoma, hawakuwa wajinga. Ndiyo maana Sindano alibaki peke yake pale, hana mtu, mikono mbele. Akaona mwenyewe kwamba yuko wazi. Akaita, "Dada! Dada, piga pasi!"

Ukumbi ulikuwa unanguruma. Waliosikia "piga pasi" ni wengi, na mpaka leo wanasimulia. Aliyesikia "Dada" ni mmoja.

Alisikia, na alimwona. Angeweza kumpa mpira ule hata kwa kuuangusha tu. Lakini aliiona pia ile suti ya kijivu safu ya mbele, imeinama kidogo, haimtazami yeye, inamtazama yule mdogo. Mlingoti akaruka mwenyewe.

Mpira uligonga chuma, ukazunguka, ukatoka. Naye alitua juu ya mguu wa mlinzi, na goti likatoa mlio ambao watu wa safu ya nyuma wanaapa waliusikia. Kombe likaenda kwa wengine. Mgeni naye akaenda, hakuchukua mtu.

Hospitali walikuja kumwona timu nzima. Kocha alikaa ukingoni mwa kitanda, kipenga kimening'inia shingoni, macho mekundu.

"Usijilaumu, binti yangu. Nilimsikia Sindano kwa masikio yangu akiita pasi. Ulifanya kama tulivyofanya mazoezini. Goti tu ndilo lililotusaliti. Au si hivyo?"

Sindano alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda na mfuko wa machungwa. Mlingoti akamtazama. Wakatazamana. Kisha Mlingoti akageuza macho kwa Kocha, akasema, "Ndiyo, mwalimu."

Sindano aliyaweka machungwa juu ya kabati dogo, akatoka. Hakumgombeza, hakumtukana. Loo, angetukana ingekuwa nafuu!

Uongo ukipata mkubwa wa kuusema hukua upesi. Kocha aliusimulia kwa moyo safi, wanafunzi wakausimulia kwa wanafunzi, ukawa hadithi ya chuo: Sindano alikuwa chambo, anapiga kelele samaki wamfuate, Mlingoti ndiye ndoana. Wakamwita Chambo. Msichana aliyekuwa akiona uwanja mzima kwa kisogo, akabaki jina la mnyoo wa kuvulia. Mchezo aliuacha mwaka ule ule, akaenda kusomea uuguzi. Waliokumbuka jina lake la kwanza hawakuacha kutania: tazama, mmoja anapiga pasi, mwingine anapiga sindano, majina yamewafuata mpaka kazini.

Mlingoti goti lilishonwa, likapona vibaya. Ukarani alikuwa ameshautupa, akafeli. Shangazi akamwambia aje dukani "mpaka upone," na huko kupona ndiko anakokungoja hadi sasa. Aliolewa, wakaachana bila matusi. Watoto hakujaliwa. Ukimwuliza kuhusu mpira, atakwambia yale yale ya Kocha, kwa maneno yale yale, huku mkono unakwenda na kurudi mezani.

Mama yake alipougua ule ugonjwa wa mwisho, alilazwa kwenye kituo cha afya anakofanya kazi Sindano. Mlingoti alifika na chupa ya uji, akasikia ile sauti wodini, akageuza. Alisimama penye bomba la maji nje mpaka zamu ilipobadilika, uji umeshapoa.

"Yule nesi mdogo ana mkono mwepesi," mama alimwambia. "Sindano yake huisikii. Kaniuliza habari zako. Mbona humsalimii, mwanangu?"

"Nitamsalimia, mama."

Mama akafa, salamu haijafika.

Ila kulikuwa na Jumatatu. Kila Jumatatu dereva wa kituo cha afya huleta furushi la magauni meupe ya wauguzi, na ndani yake kuna gauni moja dogo kuliko yote. Hilo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuligusa. Mlingoti alilitia wanga kidogo, kola akaipiga mara mbili, akapiga mpaka chini ya kola, mahali ambapo hata mvaaji haoni. Akiwa peke yake alilisemesha: "Haya, mdogo wangu, pasi yako hiyo." Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Huyu wetu alikuwa anakipiga pasi kila wiki na kukitundika kwenye hanga, na moyoni anajidanganya kwamba deni linapungua.

Hivyo miaka ikaenda, mpaka alipoingia dukani kijana mmoja mwenye tai, mkuu mpya wa chuo, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama, tumejenga ukumbi mpya. Tunataka jezi yako iwe ya kwanza kutundikwa ukutani. Na utuambie machache, hasa ile ya 'piga pasi.' Wanafunzi wanaipenda! Siku hizi wakiingia uwanjani wanasalimiana hivyo."

Kijana akaendelea, amejaa furaha, hana ubaya wowote.

"Na unajua tunaye binti wa Chambo? Yule nesi. Anatoa pasi huyo, ni balaa! Wenzake wanamwita Chambo Mdogo."

Kukatoka harufu ya kuungua. Pasi ilikuwa imesahauliwa juu ya mgongo wa shati la mtu. Shangazi alikuja mbio kutoka nyuma, akaangalia alama ya kahawia, akamwangalia mpwa wake. Tangu aanze kazi hajawahi kuunguza hata leso.

Jumamosi mchana Mlingoti alivaa viatu vya kutokea, akaenda. Nyumba alikuwa anaijua siku zote. Alikuwa anazunguka mtaa wa nyuma ili asipite mbele yake. Sindano alikuwa uani, anaanua nguo kambani. Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi mbele. Kimo kile kile.

"Hodi."

"Karibu..." Akageuka, akaona ni nani. Foronya ikabaki mkononi. Kisha Sindano akasema, "Karibu, Dada."

Mlingoti alikalia kigoda, magoti yakamfika kifuani. Alianza na hali ya hewa, akaja kwenye afya, akazunguka weee, mpaka akafika kwenye ukumbi mpya.

"Nimealikwa," Sindano alisema, anakunja. "Binti anacheza siku hiyo."

"Nilitaka uje. Nilitaka kukuomba mwenyewe."

"Kola zangu ni mkono wako, najua."

"Umejuaje?"

"Nani mwingine atapiga pasi mpaka chini ya kola? Asante. Lakini kola si mdomo, Dada."

Mlingoti alifungua kinywa. "Siku ile, mdogo wangu, mimi..."

"Usiniambie mimi. Mimi nilikuwepo, ndiye niliyeita." Sindano aliketi juu ya kapu la nguo, wakawa sawa kwa macho. "Jina la Chambo nimelizoea. Kinachoniuma ni mwanangu. Juzi karudi mazoezini kaniuliza, 'Mama, hivi wewe uliwahi kuutaka mpira hata siku moja?' Nikashindwa kumjibu. Nikimwambia niliutaka, ataona najikweza, maana chuo kizima kinasema vingine. Siku hiyo utapewa kipaza sauti. Sema niliutaka. Basi. Sitaki kingine kwako, wala sina kinyongo tena. Sema niliutaka, naye awepo akisikia."

"Nitasema."

"Dada."

"Nimekwambia nitasema. Nikiwa hai nitasema."

Sindano akamtazama sana, kisha akaenda ndani kumletea maji ya kunywa. Mlingoti alirudi nyumbani kwa njia ya mbele, na goti halikumuuma.

Wiki ile nzima alifanya mazoezi. Akipiga kola anasema, "Aliutaka mpira." Akipiga mikono anasema, "Nilimsikia." Shangazi alichungulia: "Unaongea na nani humo?" Jezi yake ya zamani aliipiga pasi mwenyewe, kwa moto mdogo, maana namba mgongoni ilikuwa imeanza kubanduka.

Ukumbi ulijaa. Ulinukia rangi mpya. Walimkalisha mbele, wakamvisha shada, wakampigia makofi kabla hajafanya lolote. Mkuu wa chuo aliisimulia fainali kana kwamba alikuwepo, na alipofika penyewe wanafunzi wote wakapaaza sauti kwa pamoja, "Piga pasi!" Jezi ikavutwa juu kwa kamba, taratibu, mpaka karibu na dari. Kwa mara ya kwanza maishani, Mlingoti alilazimika kutazama juu.

Akapewa kipaza sauti. Aliwaona wote wawili. Binti alikuwa benchi pamoja na timu, viwiko magotini, uso wa mama yake kabisa. Sindano alikuwa amesimama nyuma karibu na mlango, ametoka zamu, bado amevaa gauni jeupe. Kola ilikaa vizuri.

"Siku ile ya fainali..." Mlingoti alianza.

"Piga pasi!" ukumbi ukajibu, vicheko, miguu ikigonga sakafu. Watoto wa watu, hawamjui, wanampenda. Utamu ule, jamani! Tangu avunjike goti hakuna aliyempigia kelele za namna ile. Akajiambia: sentensi inayofuata, nasema.

"Mnanisifu mimi," alisema. "Lakini bila Sindano, mimi si kitu."

Binti kwenye benchi aliinua kichwa. Kule nyuma, Sindano hakutikisika. Maneno yalikuwa tayari, yamekaa mdomoni: aliutaka, nilimsikia. Mlingoti akaitazama jezi juu ukutani. Akawaza wataishusha. Akawaza watu hawa wote, nyuso zao zitakavyobadilika.

"Sindano," akasema, "Sindano alikuwa chambo bora kuliko chambo wote waliowahi kuingia uwanjani!"

Ukumbi ulilipuka. Wanasema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na wapo wanaomtetea kwamba ulimi wake ulijikwaa. Mimi sikubali. Hakujikwaa. Aliruka mwenyewe, kama siku ile.

Binti aliinama, akaanza kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa. Sindano alipiga makofi kidogo, kama watu wote. Kisha akausukuma mlango, akatoka.

Jumatatu dereva alileta furushi, akalitua juu ya kaunta. Alikuwa ameshageuka kuondoka alipokumbuka.

"Ee, kuna ujumbe. Yule nesi mdogo kasema, 'Mwambie yule mama wa pasi, nguo yangu asiipige pasi. Airudishe hivyohivyo.'"

"Kasema hivyo? Mama wa pasi?"

"Ndiyo. Kwani wewe wanakuitaje?"

Dereva akaondoka. Mlingoti alilifungua furushi, akayapiga pasi magauni yote, moja baada ya jingine, kola kwanza. Lile dogo likabaki. Alilitandaza mezani, akalitazama. Halafu akalikunja na makunyanzi yake, akaliweka juu ya mengine.

Shangazi alipita, macho yake ya mwenye duka yakaliona papo hapo. "Hili mbona halijapigwa pasi? Mwenyewe hakuitaka?"

"Aliitaka," Mlingoti alisema. "Aliniita kabisa, shangazi. Nilimsikia."

"Sasa mpigie basi. Si pasi bado ina moto?"

Mlingoti alinyoosha ule mkono wake mrefu mpaka ukutani, akachomoa waya wa pasi.